Mahali pa Kukaa Bila Kununua Kitu

Mwenyekiti alikuwa na swali moja tu kuhusu mahali popote duniani, na hakulibadilisha kwa miaka yote niliyomjua. Ukimwambia umetoka Kisumu, au Kampala, au shamba la pili kutoka lake, alikusikiliza mpaka mwisho, akakutazama juu ya miwani, kisha akauliza, "Na mtu anaweza kukaa hapo bila kununua kitu?"

Ukisema hapana, mahali hapo pamekwisha. Pangeweza kuwa na maporomoko ya maji na kaburi la mfalme. Aliinua kiganja kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai, na mazungumzo yakarudi kwenye mahindi.

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa letu mjini Kitale, na jirani yetu upande wa pili wa ua wa miiba ya kayaba. Riziki yake ilikuwa kukodisha viti vya plastiki na mahema kwa harusi na matanga, kwa hiyo cheo na biashara vilikuwa vimekutana mapema, na sidhani kuna mtu katika Trans-Nzoia aliyefikiri sana kuhusu kukaa kuliko yeye. Angekutazama ukipita langoni akajua kama wewe ni mtu wa kukaa dakika tano au mtu wa kusubiri chakula. Matangani hakuketi. Alizunguka nyuma ya waombolezaji akiwatafuta wale wanaoegemea nyuma, na akimpata mmoja alimwinamia sikioni, kwa sauti ya kumfariji, "Baba, hiyo kiti iko na miguu nne. Mbona unatumia mbili?"

Kila mwaka, mahindi yakishaingia ghalani, kikundi kilifanya ziara. Akina mama walikodi basi, wakaenda mahali, wakala wali, wakapiga picha, wakarudi wakiimba. Kuchagua mahali ilikuwa kazi ya Mwenyekiti, naye aliifanya kama hakimu wa mahakama ya rufaa. Kuhusu Suam, mpakani na Uganda, aliamua hivi: "Ni geti. Hata mimi niko na geti." Kuhusu msitu mmoja mashuhuri ambao watu hutoka ng'ambo kuja kuuona: "Miti zimesimama tu. Hata zetu zinasimama." Kuhusu ziwa kule Kisumu: "Maji iko, siwezi danganya. Lakini ukikaa tu, unaletewa menyu."

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuo kikuu na digrii ya falsafa, kitu ambacho hakuna mtu Kitale aliyekuwa amekiulizia. Nilikuwa na maswali kwa kila mtu. Nilimuuliza pasta samaki walifanya dhambi gani au hawakufanya gani mpaka gharika ikawaacha. Nilimuuliza baba yangu kwa nini anapanda mahindi kila mwaka na kila mwaka analalamika kuhusu mahindi. Wazazi wangu walichoka. Mwenyekiti hakuchoka, alinipa jina tu. "Kwa Nini," aliniita juu ya ua wa kayaba, "kuja unisaidie kukunja hema." Na tulipokuwa tunakunja, niliuliza na yeye alijibu, na mara nyingi jibu lake lilikuwa fupi kuliko swali kiasi cha kunikera.

Hakuwa mtu wa mstari mmoja. Alipiga marufuku umbea kwenye kikundi, lakini ukitaka kujua nani ameachana na nani ulikwenda kwake, kwa kuwa ni lazima ajue asiwaweke kwenye safu moja. Alihubiri kwamba vyombo ni vya kutumiwa, na kabatini mwake palikuwa na seti ya vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo havikuwahi kuona chai. Alidharau picha za mandhari. "Picha inakuonyesha yenye iko mbele ya kamera," alisema. "Choo iko nyuma." Lakini sebuleni mwake ilitundikwa kalenda, na kalenda hiyo ilikuwa imesimama Februari.

Nilipoigundua ilikuwa Agosti. Picha ya Februari ilikuwa ya Mji wa Kale wa Mombasa: kichochoro chembamba, roshani za mbao zinazokaribia kugusana juu, mlango mkubwa wa kuchongwa, na paka. Nilimuuliza kwa nini Februari yake haiishi. Akasema misumari ya kalenda hiyo ni migumu. Mwaka uliofuata niliingia tena sebuleni nikaikuta palepale, Februari ya mwaka uliokufa, na paka yuleyule.

Sababu aliijua kila mtu mtaani, na mama yangu, aliyekuwa katibu wa kikundi, ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa jikoni kwetu wenyewe. Binti pekee wa Mwenyekiti alikuwa ameolewa na kijana wa Kamukuywa, upande wa Bungoma, ambako hata Mwenyekiti mwenyewe ana asili. Kijana alipata kazi Mombasa, bandarini, wakapanga orofa ya juu ya nyumba moja katika Mji wa Kale, na binti ndiye aliyetuma kalenda. Walikuwa na mtoto. Na kwa desturi ya kwao, mama mkwe haingii nyumba ya mkwe wake kabla wazazi wa kijana hawajamwita rasmi, wakamwandalia siku yake, wakampokea kwao kwa heshima zote; kabla ya siku hiyo yeye na mkwe hawatazamani usoni wala kusemezana.

"Basi si wamwite?" nikasema.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Baba wa kijana, mfanyabiashara wa vitunguu katika soko la Kamukuywa, alikuwa mtu wa heshima kupita kiasi. Alikuwa ametangaza kwamba mama wa aina ile hawezi kupokewa chini ya mabati yenye kutu. Atajenga kwanza nyumba ya mawe. Akaanza kujenga, ikafika lenta, ile boriti ya zege juu ya madirisha, ikasimama. Mwaka ukapita ikiwa lenta. Huwezi kumlaumu mtu anayekuchelewesha kwa ajili ya kukuheshimu, na Mwenyekiti hakuweza kutuma neno la kuharakisha, maana ingeonekana ana njaa ya kualikwa. Kwa hiyo kila mtu alikuwa anamheshimu mwenzake, na mtoto alikuwa anaota meno.

Binti alikuja Krismasi moja, likizo fupi. Mwenyekiti alikuwa amemwandalia mjukuu kila kitu. Mtoto alimtazama, akazama kifuani mwa mama yake, akalia kama aliyeona nesi wa sindano. Akalia mpaka siku ya kuondoka. Mwenyekiti aliwaambia watu kwamba mtoto ana mapafu mazuri. Lakini kwa wiki nzima hakuna aliyesahihishwa jinsi anavyokaa kitini.

Kwa bahati, wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya muda ya kufundisha Bungoma mjini, na njia yangu ilipita Kamukuywa kila Jumatatu na kila Ijumaa. Mwenyekiti naye alikuwa akipita huko mara kwa mara kununua viti, lakini alikuwa anageuza uso upande wa pili wa barabara mpaka soko liishe. Kuchungulia boma la wakwe ni aibu. Kumuuliza kijana wa jirani aliyechungulia, inaonekana, si aibu. Ijumaa jioni angekuwa anamwagilia sukuma wiki karibu na ua wa kayaba, sukuma ambazo zilikuwa zimenyeshewa.

"Huko njiani kuko aje?"

"Kuzuri, Mama."

"Hakuna chenye kimebadilika?"

"Lenta, Mama."

"Mimi sijauliza hiyo," alisema, akafunga mfereji.

Siku ya kupanga ziara, mama yangu aliinua mkono akapendekeza Mombasa, na hasa Mji wa Kale. Alifanya hivyo kwa nia njema na kwa ujasiri ambao sikujua anao. Mwenyekiti akavua miwani, akaanza kulibomoa pendekezo. Vichochoro ni vyembamba, basi halitapita. Kuna ngazi, na hapa kuna wanawake wenye magoti. Mawe yanashika joto kama chungu. Na ile milango mikubwa, inaficha nini? Nyumba ya mtu mwaminifu inahitaji mlango mdogo tu. Alizungumza kwa muda mrefu sana kuhusu mahali ambapo hakuwahi kufika, na kwa ufasaha wa mtu aliyekitazama kichochoro kile kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka. Kila mwanamke pale ndani alijua anazungumzia nini, na kila mmoja alikubali kwamba magoti ni tatizo. Wakaenda Eldoret.

Mimi sikuweza kuvumilia. Jumamosi iliyofuata, tukikunja hema, nilimletea hoja niliyoiandaa. Nyumba ya Mji wa Kale ni ya kupanga. Mwenye nyumba ni mtu mwingine kabisa, mkwe analipa kodi tu. Kwa hiyo, kimantiki, Mwenyekiti akiingia pale hajaingia nyumba ya mkwe, ameingia nyumba ya mgeni asiyemjua, na hakuna desturi inayokataza hilo.

Alikunja upande wake wa hema mpaka tukakutana katikati.

"Kitanda ni ya nani?" akauliza.

"Kitanda?"

"Kitanda yenye iko ndani. Ni ya mwenye nyumba?"

"Hapana. Ni chao."

"Basi ni kwao," akasema, akanipa kona zangu za hema nishike.

Mwaka ule ule nilipata kibarua cha utafiti wa maji Mombasa, wiki chache tu. Mwenyekiti aliposikia alinijia na kifurushi cha unga wa wimbi, omena waliokaushwa, na kuku mmoja ambaye nilifanikiwa kumkataa. Kifurushi kilikuwa cha binti. Mimi nilipewa kazi nyingine. "Ukiwa huko uangalie kama hiyo mahali inafaa," akaniambia. "Watu wa kikundi wanaweza uliza tena. Na usiniletee ya vitabu. Niletee ya macho."

Nilikwenda nikiwa tayari kupadharau. Niliamini, na bado nusu ninaamini, kwamba mtaa ukiitwa wa kupendeza maana yake ni kwamba anayeusifu halali pale. Nikakuta waya za umeme zikining'inia, plasta inayobanduka, na paka wengi kuliko wa kalenda. Nikakuta mzee mmoja amesimama na mitungi miwili ya maji, anangoja mtalii amalize kuupiga picha mlango wake ili aingie nyumbani kwake. Nilifurahi sana kumwona huyo mzee. Alikuwa hoja yangu nzima. Lakini niliendelea kutembea, na kichochoro kikaendelea kujikunja, na kila nilipojiambia nimeona yote kulikuwa na roshani nyingine iliyochongwa na mtu ambaye bila shaka hakuwa na haraka. Nilikasirika kidogo, kama unavyokasirika mtu uliyepanga kubishana naye anapokukaribisha chai.

Binti alinipokea vizuri. Mtoto alinitazama bila kulia, jambo ambalo niliamua kutolitaja Kitale.

Niliporudi, Mwenyekiti alinikalisha kwenye kiti cha mti, si cha plastiki, ishara kwamba nitakaa. Nikatoa ripoti. Nilieleza milango, nakshi, na biashara ya karne nyingi, kisha nikaeleza mzee na mitungi, kisha nikauliza, kwa faida ya wote wawili, uzuri ni mali ya nani. Alinisikiliza kama anavyosikiliza tangazo refu la kanisani.

"Na mtu anaweza kukaa hapo bila kununua kitu?"

Nikafikiri. Nikamwambia ndiyo, na kwamba ajabu ni kwamba hukaa sana. Nyumba nyingi zina kibaraza nje ya mlango, benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta, huku moja na huku moja. Wageni wasio wa kuingia ndani hukaa hapo. Majirani hukaa hapo. Hata nyumba ya binti yake inavyo, pande zote mbili.

Aliweka kikombe chini. Ndipo nilipoanza kuhojiwa kwa kweli.

"Miguu inafika chini ukikaa?"

"Inafika."

"Mvua ikinyesha?"

"Orofa ya juu imetokeza mbele. Hulowi."

"Hiyo benchi ni ya nyumba ama ni ya barabara?"

Nikaanza kueleza kwamba swali hilo ni gumu, kwamba wanazuoni wametofautiana kuhusu mpaka wa mahali pa watu wote na mahali pa mtu mmoja. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Mlango ikifungwa, benchi inabaki ndani ama nje?"

"Nje, Mama."

"Na ukiwa umekaa hapo, unaweza ona mtoto akicheza?"

"Mtoto huchezea hapohapo. Ndani hakuna nafasi."

Nje kuku walikuwa wanagombana chini ya rundo la viti. Akauliza swali la mwisho polepole, kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa kidole, ingawa sisi wote tulijua jibu lake.

"Hapo kitanda haiwezi tosha?"

"Haiwezi, Mama. Ni nyembamba."

"Sawa," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanimiminia chai katika kikombe chenye ukingo wa dhahabu.

Mkutano uliofuata Mwenyekiti aliwaambia akina mama kwamba amelifikiria upya pendekezo la katibu, na kwamba ni vibaya kiongozi kuwa na shingo ngumu. Mama yangu, ambaye hakuweza kujizuia, alimuuliza kuhusu basi na vichochoro. Mwenyekiti akasema basi lina breki, litasimama nje, watu watembee. Na magoti? "Magoti ni ya kupigia maombi," akasema. "Hata ya kutembea itafanya."

Walikwenda. Nasikia wenzake walilala kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, wakaenda pwani, wakala wali, wakapiga picha, na kwamba yeye hakuonekana katika picha hata moja. Mwaka uliofuata kikundi kilikwenda kwingine, naye akaenda Mombasa peke yake. Na mwaka uliofuata tena.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa huko. Kibarua cha maji kilikuwa kimegeuka kazi kamili, nami nilikuwa nimerudi Mombasa kutoka likizo ya nyumbani. Nilikata kona jioni moja nikamwona kabla hajaniona. Alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha upande wa kulia, juu ya mto aliokuja nao kutoka Kitale, miguu imefika chini, anachambua mchicha kwenye ungo. Kila aliyepita alimsalimu, naye alimjibu kila mmoja na kumtazama jinsi anavyotembea. Kwenye kibaraza cha kushoto alikuwa ameketi mkwe wake. Nilimjua kwa viatu tu, maana mwili wote wa juu ulikuwa nyuma ya gazeti. Kati yao ulikuwa mlango wa kuchongwa, wazi, na mbele ya mlango mtoto akicheza na vizibo vya soda. Alikuwa amekuwa mkubwa.

"Mwambie baba yako chai yake inapoa," Mwenyekiti alimwambia mtoto.

"Baba, chai yako inapoa."

"Mwambie kukhu nimeiona," likasema gazeti.

"Kukhu, ameiona," mtoto akamwambia bibi yake.

"Mwambie kuona si kukunywa."

Gazeti likatikisika. Mkono ukatokea upande, ukachukua kikombe, ukarudi nacho. Mtoto, aliyekwisha kuchoka na ujumbe, alimpanda bibi yake mapajani akasukuma ungo wa mchicha kando, kama mtu anayerudi kwenye kiti chake.

Nikasogea nikamsalimu. Aliniangalia juu ya miwani. "Kwa Nini. Umekonda." Akasogea kidogo nipate nafasi, nami nikakaa. Jiwe lilikuwa limeshika joto la mchana, kama alivyokuwa amewaambia akina mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kumuuliza swali lile, nikaliuliza.

"Kwa hivyo hapa panafaa, Mama?"

"Milango ni mikubwa bure," alisema. "Vichochoro, nilisema. Na paka hizi." Akamtoa mtoto kizibo mdomoni bila kuangalia. "Lakini mtu anaweza kaa."

Tukakaa. Watalii wawili wakaja na kamera. Akawaashiria watusalimie kwanza, wakasalimia, wakaupiga picha mlango. Binti yake akatoa kichwa juu ya roshani akaniuliza kama nitakula, na kabla sijajibu Mwenyekiti akamwambia kwamba huyu ni mtu wa kusubiri chakula.

Kisha akasafisha koo. Akaanza kuchambua mchicha kwa makini sana, mgongo umegeukia gazeti.

"Ukitoka nyumbani ulipitia Kamukuywa?"

"Nilipitia."

"Huko kuko aje?"

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia lenta imeshapita, kwamba mbao za paa ziko juu na mabati mapya yamepangwa uani, na kwamba mzee wa vitunguu mwenyewe alinisimamisha barabarani kuniambia siku haiko mbali.

Mtoto alikuwa amelala mkononi mwake. Mwenyekiti akamtazama, akatazama mlango, akatazama nafasi ndogo ya mawe tuliyokuwa tumeikalia.

"Ukipita tena," akasema, "waambie wasiharakishe."